Treni Moja, Saa Mbili

Tiketi ya daraja la pili ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, hukupa kitanda kimoja kati ya sita vilivyomo chumbani. Wanawake hulala na wanawake, wanaume na wanaume, isipokuwa watu wamechanga fedha wakanunua chumba kizima. Mimi nimekulia Tanga, safari zangu zote ni za basi, na sikuwahi kulala ndani ya chombo kinachotembea. Nilipoingia behewani pale Dar es Salaam, kwenye stesheni ile kubwa iliyo karibu na makutano ya barabara za Nyerere na Mandela, nikakuta marobota yamepangwa mpaka juu ya kitanda changu.

"Karibu, dada. Hayo yanahama sasa hivi," mmoja wa wenye mali akaniambia. Kweli yakahama, mengine chini ya vitanda, mengine mlangoni, moja likawa mto wangu.

Wenye marobota walikuwa wanawake wanne wa Kizambia, wa Lusaka na Ndola, waliokuja Kariakoo kufunga mzigo: vitenge, nywele za bandia, vyombo vya plastiki, taa za sola. Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni na kilikuwa kizuri kuliko walivyokubali wenyewe. Wa tano alikuwa bibi mmoja aliyekaa dirishani, amejifunga kanga mbili mabegani. Nilipompa shikamoo alitikisa kichwa tu, akaendelea kutazama nje.

Ofisi yangu ilikuwa imenituma Lusaka kwenye mkutano wa maofisa utumishi, na ndani ya begi nilikuwa na kurasa chache nilizoandika juu ya faida za kuajiri watu mchanganyiko. Tiketi ya ndege ilikuwepo. Niliomba treni kwa sababu niliona haya kwenda kuhubiri habari za mchanganyiko kazini bila kukanyaga mahali pa kazi palipoanzishwa kwa mkataba wa mataifa matatu, tena hapa hapa kwetu.

Historia yenyewe tumefundishwa shuleni, lakini tulifundishwa kama habari ya viongozi: Nyerere, Kaunda na Mao. Ukiitazama kama habari ya kazi inabadilika sura. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia wakiongozwa na Ian Smith walijitangazia uhuru wao, na Zambia, ambayo shaba yake ilipita kusini kwenda baharini, ikajikuta mlango wake uko mikononi mwa watu isiopatana nao. Zambia ilikuwa na shaba bila bandari. Tanzania ilikuwa na bandari, lakini fedha za kujenga reli ya kuifikia shaba hiyo haikuwa nazo. Benki ya Dunia na mataifa ya Magharibi yalisema reli hiyo haitalipa. China, ambayo wakati huo yenyewe haikuwa tajiri, ikakubali. Mkataba ulitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967, mkopo ukawa yuan milioni 988 bila riba, kazi ikazinduliwa Oktoba 1970, na tarehe 14 Julai 1976 reli ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa kwa nchi mbili. Hakuna aliyemwita mwenzake kwa hisani. Walihitajiana.

Kuna jambo moja ambalo shuleni hatukuambiwa, nami naliona zuri kuliko hotuba zote. Reli za China zina upana wa milimita 1,435. Reli ya Kati ya Tanzania ina milimita 1,000. Hii ya TAZARA ina 1,067, kipimo cha reli za Zambia na kusini mwa Afrika, ili behewa la shaba litoke huko ndani hadi bandarini bila kupakuliwa njiani. Maana yake ni kwamba wahandisi wa Kichina walijenga huku kwa kipimo ambacho si cha kwao. Waliotoka mbali ndio waliojirekebisha.

Tuliondoka alasiri. Pugu ikapita, jua likazama tukiwa tunaelekea Kisaki, kwenye pori la hifadhi ya Selous, ambayo sehemu yake sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Watalii wawili wa Kijerumani walisimama kwenye ujia na kamera zao wakisubiri tembo. Wazambia wangu hawakuinuka. Walikuwa wakipiga hesabu za faida kwa Kibemba, wakitaja bei kwa Kiingereza na kulalamikia wenye maduka ya Kariakoo kwa Kiswahili, ili nami nishiriki. Nikawaambia kwamba wakati reli hii inajengwa, gharama za huku, pamoja na mishahara ya vibarua, zililipwa kwa kuuza bidhaa za China madukani Tanzania na Zambia. Mmoja akacheka, akapigapiga robota lake. "Kumbe mimi naendeleza kazi ya serikali!"

Gadi wa treni alipita kukagua milango. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye saa mbili, moja kila mkono. Nilidhani ni madaha. Nikamuuliza.

"Hii ya kushoto ni ya Dar, hii ya kulia ni ya Kapiri Mposhi, mwisho wa reli," akasema. "Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Ya tatu iko kichwani, ile ya Waswahili."

Alikuwa anatania, lakini jambo lenyewe ni zito. Njia ni moja. Treni inayopanda na inayoshuka hupishana stesheni, moja ikiisubiri nyingine. Mtanzania akisema saa nne asubuhi, kwa hesabu ya Kiingereza ni saa kumi, na huko kwa Mzambia mshale uko kwenye tisa. Ukiwachanganya watu hawa bila kukubaliana namna ya kutaja wakati, unatafuta ajali. Ndiyo maana ratiba huandikwa kwa mtindo wa saa 24, na gadi hazungumzi saa kwa mdomo bila kutazama mkono. Katika kurasa zangu nilikuwa nimesifu mchanganyiko mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na mstari hata mmoja kuhusu gharama hii ya kukubaliana, ambayo hulipwa kila siku, na anayekataa kuilipa ni afadhali aajiri binamu zake.

Nililala vibaya, kisha nikalala vizuri. Kulipopambazuka tulikuwa tumeiacha Mlimba, na treni ilikuwa imeanza kupanda.

Sehemu hii kati ya Mlimba na Makambako ndiyo iliyowatoa jasho wajenzi kuliko zote. Ni kama kilomita 150 na ushee, kutoka bonde la Kilombero hadi nyanda za juu, daraja juu ya daraja, handaki baada ya handaki. Ukikaa dirishani unaona kichwa cha treni kimekunja kona mbele yako kana kwamba kinarudi kukuchukua. Chini kabisa kuna msitu na ukungu. Kisha giza, mlio wa chuma unabadilika, unatoka upande wa pili na kuna bonde jingine. Daraja la mto Mpanga lina nguzo za urefu wa mita zipatazo 50. Nilihesabu mahandaki mpaka nikachanganyikiwa, nikaenda kunywa chai.

Kwenye behewa la chakula nilikaa meza moja na mzee anayekaribia sabini, kofia ya sufu kichwani, vidole vimekomaa. Nilimwamkia. Alikuwa mwenyeji wa Njombe, aliingia kazi ya reli mwaka 1972 akiwa kijana, akaishia kuwa fundi wa karakana ya Mpika, akaoa huko, akajenga huko. Sasa alikuwa anarudi nyumbani, yaani Zambia, baada ya kuzika ndugu yake Tanzania. Mwaka huo alioajiriwa ndio kazi ilipopamba moto: Wachina walikuwa zaidi ya 13,000 na Waafrika wapatao 38,000.

"Mlisikilizana vipi?" nikamuuliza.

"Hatukusikilizana. Mchina wangu hakuwa na Kiswahili, mimi sikuwa na Kichina, na Kiingereza hatukuwa nacho wote wawili. Akachukua spana, akafunga nati, akaifungua, akanipa spana. Nikikosea, anaifungua tena. Bosi wa Kizungu niliyemwona utotoni kwenye mashamba alikuwa ananyoosha kidole. Huyu alikuwa amechafuka oili kama mimi."

"Kwa hiyo mliishi kama ndugu."

Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyesoma sana. "Mwanangu, nani kakwambia? Kula tulikula mbalimbali. Kulala, mbalimbali. Tuligombana, watu walifukuzwa kazi. Kazi ndiyo tuliifanya pamoja."

Nilipenda jibu hilo. Watu wa fani yangu hupenda picha za wafanyakazi wa rangi zote wamekumbatiana, na zile picha zina uongo mwingi. Mzee hakuhitaji kumpenda Mchina wake. Alihitaji kuiona mikono yake ikifanya kazi.

Akaniongezea mambo. Wazambia waliotoka miji ya shaba, Kitwe na Ndola, walikuja wamekwisha kuzoea mitambo ya migodini. Mtu akisikia mlio wa injini anakwambia inaumwa wapi. "Na sisi wa Njombe tulijua nini? Tulijua maji. Wataalamu wanasema mfereji upite hapa, wazee wanasema hapana, maji ya mwezi wa tatu hupita kule. Mara ya kwanza hawakusikiliza. Mvua ikanyesha. Mara ya pili wakaja kuuliza wenyewe, na mkalimani wakaja naye."

Mwaka ule ule wa 1972 vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli. Yeye hakuchaguliwa. Alilisema hilo bila uchungu, ila alilisema mara mbili.

Makambako kulikuwa na baridi ya kweli, na viazi vya moto vikiuzwa madirishani. Tulikuwa tumeipita kitambo, mimi nimerudi chumbani, bibi wa dirishani alipoanza kutetemeka. Jasho lilikuwa linamtoka katika baridi ile. Mmoja wa wafanyabiashara akamsemesha Kibemba, mwingine Kinyanja, mimi Kiswahili. Alijibu kitu ambacho hakuna aliyekielewa, akaegemeza kichwa kwenye kioo.

Mhudumu wa behewa letu alikuwa dada wa Kilosa, mwepesi wa miguu. Hakubishana na mtu. Alimgusa bibi shingoni, akatoka, nasi tukamsikia akipita chumba kwa chumba, kisha akaelekea jikoni. Akarudi na mpishi, mama mnene mwenye aproni, unga ungali mikononi. Mpishi alikuwa mtu wa Nakonde, mpakani. Aliinama, akasema maneno machache, na uso wa bibi ukafunguka. Walikuwa wanazungumza Kinyamwanga, lugha ya pande zote mbili za mpaka ule, Tunduma na Nakonde.

Habari ikatoka yote. Bibi ana kisukari. Alimeza vidonge vyake alfajiri kama alivyoagizwa, lakini kapu lake la chakula liko kwa mjukuu wake wa kiume, daraja la tatu, mabehewa kadhaa nyuma, na yeye aliogopa kupita katikati ya mabehewa treni ikitembea. Hakuwa na fedha mkononi. Hakutaka kuombaomba kwa watoto wa watu.

Mmoja wetu akasema haraka, basi asipewe kitu chenye sukari. Gadi, ambaye alikuwa amefika, akakataa. Alikuwa amefunzwa huduma ya kwanza: mwenye kisukari aliyemeza dawa na hakula, sukari yake huenda imeshuka, na akiwa bado ana fahamu na anaweza kumeza, chai yenye sukari nyingi ndiyo kitu cha kwanza. Mpishi akaileta mbio. Baada ya dakika kadhaa kutetemeka kukapungua. Akaletewa wali na maharage, na mjukuu akatafutwa, akafika na kapu, ameona aibu. Bibi akatugeukia, akatusalimu wote mmoja mmoja, kwa mkalimani.

Niliifikiria chai ile mpaka Mbeya. Mpishi hakuajiriwa kwa sababu ya Kinyamwanga. Hakuna tangazo la kazi la jikoni linaloandika "awe anajua lugha ya Nakonde." Kurasa zangu zilitaja masoko mapya, ubunifu, sura ya kampuni, vitu ambavyo mwajiri anaweza kuvipanga mapema na kuviwekea safu kwenye jedwali. Hapa nilikuwa nimeona elimu isiyo kwenye mkataba wa mtu yeyote. Ukiajiri watu wa mahali pamoja na shule moja, unapata ulichokiandika kwenye tangazo, basi. Ukiajiri watu waliotoka mbalimbali, wanakuja na mengine katika mizigo yao, na hujui ni yapi mpaka siku unayoyahitaji.

Lakini nusu ya sifa ni ya yule dada wa Kilosa. Yeye ndiye aliyekwenda kuuliza jikoni. Ningeweza kutaja ofisi kadhaa Dar ambako mpishi anaweza kujua lugha nane na asiulizwe chochote ila kama chai iko tayari. Na gadi, aliye mkubwa wake kazini, alimsikiliza mpishi mpaka mwisho ndipo naye akatoa la kwake. Lugha ya mmoja bila mafunzo ya mwingine isingetosha.

Baada ya hapo niliwatazama wafanyakazi wa treni kwa jicho jingine, na sikuona mazuri tu. Wanawake walikuwa jikoni na kwenye vyumba vya kulala. Kwenye kichwa cha treni sikuona hata mmoja katika stesheni zote tulizosimama. Nilimuuliza mzee, akasema udereva ni kazi ya kukaa macho usiku. Nikamwuliza nani hukaa macho usiku nyumbani mtoto akiugua. Akacheka, akaniagizia chai nyingine, hakujibu.

Na lipo la juu zaidi. Nchi mbili zina hisa nusu kwa nusu. Mkurugenzi mkuu hutoka Zambia, naibu wake Tanzania, makao makuu yako Dar es Salaam. Mpangilio huo ulikusudiwa kuleta usawa, na unaeleweka. Ila kugawana viti kwa pasipoti si kitu kilekile nilichokiona behewani. Kiti cha namna hiyo humfanya aliyekikalia awe mwakilishi wa upande, na mwakilishi huulizwa na kwao amepata nini. Mpishi wetu hakuwakilisha mtu. Wala mchanganyiko si dawa ya kila kitu: mzigo uliozidi tani milioni 1 kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1970 ulishuka hadi chini ya tani laki 1 katika mwaka wa fedha 2014/15. Injini chakavu na fedha zisizotoka kwa wakati hazitibiwi na watu kusikilizana.

Baada ya Makambako njia hupanda hadi Uyole, karibu na Mbeya, mahali pa juu kabisa pa reli yote, mita 1,789 na ushee. Stesheni ya Mbeya ni kubwa kupita mji unavyoitumia. Kisha Vwawa, kisha Tunduma jioni. Maofisa wa uhamiaji wa nchi zote mbili waliingia kwa zamu, wakifuatwa na wabadilisha fedha wenye mabunda ya kwacha mikononi, na kwa nusu saa behewa zima likawa soko. Bibi akateremka Nakonde na mjukuu wake. Mpishi alimshika mkono mpaka chini ya ngazi. Nikarudisha saa yangu nyuma.

Usiku wa Zambia sikuuona. Asubuhi tulikuwa Mpika, na mzee akashuka akiwa amevua kofia. Alipokelewa na wajukuu waliomwamkia kwa Kibemba huku wakichuchumaa, naye akawajibu kwa Kibemba chenye lafudhi ya Njombe isiyofichika. Jikoni siku hiyo kulipikwa nshima na mboga za majani zilizoungwa karanga. Mpishi aliniambia ana mikono miwili: wa kusonga kwa ajili ya Watanzania na wa kusonga kwa ajili ya Wazambia, na kwamba wanaolalamika zaidi ni wanaume wa pande zote mbili. Nje, nchi ilikuwa tambarare, miombo mpaka macho yachoke. Serenje, Mkushi. Wafanyabiashara wangu wakaanza kufunga vizuri marobota na kupaka midomo rangi.

TAZARA huishia Kapiri Mposhi katika stesheni yake yenyewe, mbali kidogo na ile ya reli ya Zambia, kwa hiyo anayekwenda Lusaka hutoka nje na kutafuta basi. Wapiga debe walikuwa wanatungoja. Mmoja alinitazama, akasikia salamu yangu, akataja nauli iliyoniduwaza hata mimi nisiyejua kwacha.

Mama wa robota lililokuwa mto wangu akaingia kati. Alianza kwa Kibemba, taratibu, kama anayemkumbusha mtoto wa jirani mahali alipozaliwa. Akahamia Kinyanja, sauti juu. Akamaliza kwa Kiingereza, neno moja moja, akitaja polisi. Nauli ikashuka mara tatu.

"Huo mkutano wenu Lusaka," akaniuliza tulipokuwa tunapakia mizigo, "wanatafuta mfanyakazi?"

"Unaomba kazi gani?"

"Yoyote. Wewe waambie tu kwamba na jikoni naweza."

Nikalipa nauli waliyolipa wao, nikapewa kiti nyuma ya dereva, robota miguuni.